Kilichokuwa Nyuma ya Shata

Nyinyi vijana mnaoshika brashi siku hizi hapa Busia, mmekuja kwangu mara nyingi kuniuliza ni rangi gani inayokaa kwenye plastiki. Nawajibu, mnaandika kwenye simu, mnakwenda zenu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama niliwahi kuogopa. Leo nitawaambia yote mawili, rangi na woga, maana katika maisha yangu ya kazi sikuwahi kuyatenganisha.

Niliogopa kwenda juu. Ngazi ikishapita kimo changu mara mbili, mate yalinikauka. Nilipaka rangi miaka ishirini na sita hivyo hivyo. Nilitazama brashi tu, sikutazama chini, na moyoni nilikuwa nikimwambia Mungu nitaacha kazi hii mwisho wa mwezi. Mwezi uliisha, nikapanda tena.

Aliyenifundisha ni Mzee Emojong, Mteso wa Angurai. Alinikuta nikikoroga chokaa kwenye ujenzi wa shule, akaniuliza kama nataka kujifunza kazi safi au nataka kubaki na nyufa mikononi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye maneno mengi, na alipanda ngazi kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Woga wangu aliujua tangu wiki ya kwanza, akaufanya kichekesho chake cha kila siku. "Huyu Nafula," aliwaambia watu wa saiti, "anaogopa hata kupanda kiti. Nimemletea stuli ameniuliza iko na kamba?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hakuwa na ubaya. Lakini nilijifunza jambo ambalo hakukusudia kunifundisha: nikiona hatari, ninyamaze.

Shata za kwanza za plastiki nilizoziona zilikuwa kwa nesi mmoja wa Marachi, aliyerudi kutoka ng'ambo baada ya kustaafu. Mnazijua, vile vibao vyenye mistari kama mbavu vinavyobandikwa kwa skrubu kando ya dirisha, kushoto na kulia. Havifungiki wala havifunguki. Ni urembo tu. Emojong alizitazama akasema, "Hii dirisha imevaa masikio." Yule nesi alizileta kwenye kontena pamoja na vitanda na masufuria yake, na jua lilikuwa limezichakaza hata ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Emojong alikuwa ndani anapaka dari, akaniachia shata. Nilichukua rangi ya mafuta ile ya milango, nikaipaka moja kwa moja juu ya ule unga. Ziling'aa kweli! Nesi alipiga picha akawatumia ndugu zake. Mvua za masika zilipokwisha, rangi ikawa inabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Kila nilipoona namba yake kwenye simu, niliiacha ilie. Tuliporudi, nikataka kurekebisha haraka, nikaifuta shata moja kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Plastiki ikalainika ikanata kama bazoka iliyotafunwa, na alama za vidole vyangu zikabaki humo. Nesi yule alikataa kuibadilisha. Alisema kila mgeni akija atamwonyesha.

Basi shikeni hili. Shata ishushwe, isipakwe ikiwa ukutani. Nyuma yake andika namba na dirisha lake, maana zikishachanganyika matundu ya skrubu hayalingani. Osha kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia. Pitisha msasa laini, mkono mwepesi, unatoa mng'ao tu, huchongi. Ikauke. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza, iwe ya plastiki, si ya ukuta. Kisha paka rangi mara mbili, tabaka nyembamba, kivulini. Mwenye nyumba akitaka nyeusi na shata zilikuwa nyeupe, mkatalie kwa heshima. Rangi iliyokoza inakula jua, na plastiki itajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Hayo ndiyo mnayoniuliza siku zote. Sasa nitawaambia msiyoniuliza.

Tulipata kazi Malaba, kwenye gesti ya ghorofa moja inayotazama barabara ya matrela. Mwenyewe alikuwa mama mkali wa kusema na mwepesi wa kucheka, na alitaka shata zote za juu ziwe za kijani kabla ya wageni wa harusi ya bintiye kufika. Chini, mbele ya jengo, kulikuwa na baraza la taili nyeupe. Zilikuwa taili nzuri, zinateleza hata zikiwa kavu.

Siku ya kwanza tuliamua kuosha shata zikiwa bado ukutani, kuondoa vumbi jingi la barabara kabla ya kuzishusha. Mimi nilipewa madirisha ya upande wa kulia. Emojong alisimama chini ameshika ngazi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu: mmoja anapanda, mwingine anashika. Hatukuwa na kamba. Hatukuwahi kuwa na kamba.

Nilipofika dirisha la mwisho, nikaweka kiganja juu ya shata ili nisugue kwa mkono wa pili. Nilihisi plastiki inatetemeka. Si kama inavyotikiswa na upepo. Ilikuwa mtetemo mdogo, wa joto, usiokoma, kama kifua cha mtu mwenye homa. Nikasogeza sikio. Ndani kulikuwa na mngurumo.

Matrela yalikuwa yamepanga foleni pale chini, injini zikiwa zinanguruma. Nikajiambia ni injini. Niliondoa kiganja, nikakirudisha, nikahisi tena ule mtetemo, na nikajua kabisa si injini. Nyuki mmoja akatoka chini ya kibao, akatembea kwenye kidole changu, akarudi ndani.

Nilishuka. Emojong akaniuliza, "Umemaliza hiyo ya mwisho?"

"Nimemaliza," nikasema.

Sikuwa nimeimaliza. Lakini mama mwenye gesti alikuwa amesimama pale pamoja na fundi wa taili na wapishi wawili, na nilisikia tayari masikioni mwangu vile Emojong angesema: Nafula sasa anaogopa na nzi. Nikajiambia nitamwambia jioni tukiwa wawili. Jioni nikajiambia kesho. Nililala vibaya, na asubuhi nilifika Malaba nikiwa nimepanga maneno yangu kabisa kichwani.

Nikakuta ngazi imeshaegemezwa kwenye dirisha lile lile.

"Tunaanza huku," Emojong alisema. "Jua likifika hapa itakuwa moto. Leo mimi napanda, wewe shika."

"Mzee," nikaanza.

"Nini?"

Mama mwenye gesti alikuwa akitusikiliza kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

"Chini kuna maji," nikasema. Na kweli yalikuwepo, wapishi walikuwa wamemwaga maji ya sabuni kwenye taili. Hilo ndilo nililoweza kusema.

"Basi shika sawasawa," akasema, akapanda.

Wanangu, nimelipitia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko nilivyosali. Nilisimama chini, mguu wangu mmoja umekanyaga kidato cha chini ngazi isisogee, mikono yote miwili kwenye vyuma. Nilihesabu skrubu alizotoa. Ya kwanza juu. Ya pili. Nilisikia bisibisi ikizunguka, na kila ilipozunguka mngurumo ule uliongezeka, mpaka nikausikia hata mimi kule chini juu ya kelele za matrela. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka.

"Nafula," akaita kutoka juu, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, si ile ya mizaha. "Iko kitu hapa ndani."

Kisha skrubu ya tatu ikatoka na shata ikalegea upande mmoja.

Sikuona nyuki mmoja mmoja. Niliona kitu cheusi kikimwagika kutoka ukutani kama maharagwe kutoka guniani, lakini kikapanda juu badala ya kuanguka. Emojong akapiga kelele, "Shika! Nafula, shika!" Alikuwa amekumbatia ngazi kwa mkono mmoja, mwingine ameufunika usoni, na mguu wake ulikuwa unatafuta kidato cha chini. Alikuwa anashuka. Alihitaji muda mfupi tu. Vidato kumi na kitu hivi.

Nyuki wa kwanza waliniingia kwenye nywele.

Nikaachilia.

Nilikimbia kuelekea matrela huku nikijipiga kichwa. Nyuma yangu nilisikia miguu ya ngazi ikikwaruza taili, mlio mrefu, halafu kishindo. Sikugeuka. Dereva mmoja Mganda alifungua mlango wa trela yake akaniita, "Nyabo, mama, panda! Panda, funga mlango!" Nikapanda nikafunga. Aliua nyuki walioingia nami kwa kofia yake. Kisha akatazama kupitia kioo.

"Yule mzee pale chini," akasema, "si ni wako?"

Nilitazama. Emojong alikuwa amelala kwenye taili, mguu mmoja umegeuka vibaya, na anajivuta kwa kiwiko kimoja. Nyuki walikuwa juu yake kama shati. Nilijua dereva anangoja niseme kitu. Nilishika kitasa cha mlango na mkono haukufungua. Nilikuwa nauambia fungua, na haukufungua.

Yule dereva hakuniuliza tena. Alichukua turubali nyuma ya kiti, akajifunika nalo, akateremka upande wa pili. Nilimwona akikimbia ameinama, akamtupia Emojong turubali, akamkokota mpaka ndani ya gesti. Mtu asiyejua hata jina lake. Aliumwa mpaka macho yakafunga, na siku mbili baadaye foleni iliposogea akavuka mpaka akaenda zake. Sikupata kumshukuru.

Emojong alivunjika nyonga na mkono. Kwamba hakufa kwa sumu ile, daktari mwenyewe alistaajabu. Nesi wa hospitali alipouliza ajali ilitokeaje, nilikuwa nimesimama pale miguuni pa kitanda, nimefungwa kanga kichwani. Emojong, aliyekuwa ndiyo kwanza ameamka, uso umevimba hata huoni macho, akasema, "Ngazi iliteleza. Chini kulikuwa na maji."

Nesi akaandika hivyo. Mkewe, Mama Amoit, aliyekuwa amefika kwa boda kutoka Angurai, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

Msidhani nilipumzika. Mtu akikufichia, unaanza kuogopa siku atakayochoka kuficha. Kila mara simu ilipolia nilidhani ni wanawe. Nikikutana na Mteso yeyote sokoni nilitazama uso wake kwanza, nione kama amesikia.

Kazi ilibaki, na mama mwenye gesti alinibembeleza niimalize. Alileta mtu wa kurina asali kutoka karibu na Angurai, akawatoa nyuki kwa moshi na kuwahamishia mzingani. Masega yalikuwa yamejaa nyuma ya shata kutoka juu mpaka chini. Niliponunua kamba, muuza duka aliniuliza nafunga ng'ombe gani. Niliiwekea ngazi gunia chini ya miguu, nikaifunga juu kwenye chuma cha dirisha kwa ndani na chini kwenye nguzo ya baraza. Nikapanda peke yangu, bila mtu wa kushika, natazama skrubu tu. Kabla ya kugusa kila shata niliipiga kwa mpini wa brashi, nikaweka sikio, nikangoja. Fanyeni hivyo. Nyuki, nyigu, popo, nyoka, vyote vinapenda uwazi ule mdogo kati ya plastiki na ukuta. Gongeni, mngoje, mgonge tena.

Nilipomaliza nilikwenda Angurai kumweleza. Emojong alikuwa amelazwa kwenye kiti kirefu ndani ya nyumba.

"Umefunga ngazi na kamba?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Nimefunga, mzee."

"Hiyo mimi sikukufundisha. Mimi nilikufundisha kushika peke yake. Na mtu ni mtu tu, Nafula. Nyuki ikija, mkono unajitoa wenyewe."

Nikaanza kulia. Akanikatiza. "Nyamaza. Na mimi nilikucheka sana mbele ya watu, mpaka hata ukiona kitu husemi. Nilikuona jana yake ukishuka. Uso wako ulikuwa umebadilika. Nikafikiri ni zile woga zako." Kisha akapunguza sauti. "Hayo maneno imekwisha hapa. Mama Amoit usimwambie. Ana mzigo ya kutosha."

Nikakubali, na hapo ndipo woga ulipozidi. Nilikwenda kwao kila wiki nikiwa nimebeba sukari na sabuni, na kila wiki Mama Amoit alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa uji. Nilimwona akimwinua mumewe kutoka kitandani, mshipa umemtoka shingoni. Nilimwona akikonda. Na alivyonikaribisha vizuri ndivyo nilivyomwogopa zaidi. Nilikuwa nikifika kwenye miti ya mpaka wa boma lao, nasimama kwanza nipate pumzi, kama mtu aliye chini ya ngazi.

Miezi saba ilipita. Siku moja nilimkuta akianika mihogo juani, nikachuchumaa nikawa namsaidia kutandaza. Mzee alikuwa amelala ndani. Ghafla nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama Amoit, ngazi haikuteleza yenyewe. Mimi niliachilia. Nilikimbia nikamwacha."

Aliendelea kutandaza mihogo. Alimaliza safu ile nzima.

"Siku ile hospitali," akasema, "nani alikutoa miiba?"

Sikukumbuka. Siku ile sikuwa nakumbuka hata jina langu.

"Ni mimi," akasema. "Nilikukalisha kwenye benchi nikakutoa kwa kucha. Ilikuwa kichwani, shingoni, mgongoni. Mikono yako ilikuwa safi, Nafula. Hakuna hata moja. Mtu ameshika ngazi katikati ya nyuki, mikono yake inakuwa safi?"

Kuku alikuja akidonoa mihogo, Mama Amoit akamfukuza.

"Ulijua siku zote hizi?" nikauliza.

"Nilijua kabla ya yeye kuamka."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nilikuwa nangoja wewe." Akanitazama mara ya kwanza. "Usiniombe msamaha leo. Siku nyingine naamka nimekusamehe. Siku nyingine nambeba mpaka choo, mgongo unakatika, nakuchukia mpaka nasikia uchungu mdomoni. Sijui kesho itakuwa gani."

Nilisema naelewa, ingawa sikuelewa. Nikainuka kuondoka.

"Alhamisi ana kliniki," akasema. "Gari haifiki hapa, inasimama barabarani, na mvua imeharibu njia yote. Upande mmoja namshika mimi. Upande wa pili sina mtu, wanangu wako Nairobi."

"Nitakuja."

"Saa kumi na mbili asubuhi. Na ujue akianguka, naanguka naye."

Alhamisi nilifika kukiwa kumeanza kupambazuka tu. Mzee aliniwekea mkono shingoni, akamwekea mkewe mwingine, na tukatoka. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Njia ilikuwa tope jekundu tupu, na yeye anaongea njia nzima. "Mnanibeba kama gunia ya wimbi. Angalieni msinimwage." Mama Amoit hakucheka, na mimi sikucheka. Tulipofika kwenye mteremko karibu na mtaro, mguu wangu ukateleza mpaka goti likagusa chini, na uzito wake wote ukanijia. Nawaambia kweli, sijawahi kuogopa namna ile juu ya ngazi yoyote. Nilimkaza kiunoni kwa mikono yote miwili, uso wangu umezama kwenye koti lake, nikangoja mpaka goti likapata nguvu. Tukasimama wote watatu.

Tulimwingiza kwenye gari. Mama Amoit akapanguza tope kwenye kiatu cha mumewe kwa pindo la leso yake, halafu akaninyooshea mimi ile leso, nikapanguza goti.

"Kliniki nyingine ni baada ya wiki mbili," akasema, akafunga mlango.